Swali la Jumamosi

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo zamani, katika kijiji kimoja cha Wakristo kando ya mto Nili, nchi ya Nubia, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Teodora. Kazi yake ilikuwa kuoka mkate wa meza ya Bwana, na kijiji kizima kilimheshimu kwa ajili hiyo. Naye, Mungu amrehemu, aliijua heshima hiyo na akaipenda kuliko ilivyompasa.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi alasiri, kabla mwokaji hajatia mkono kwenye unga, kasisi alisimama mlangoni pake na kumwuliza, "Una neno na mtu?" Akijibu kwamba hana, alibarikiwa, akakanda. Akiwa nalo, hapakuwa na mkate mpaka apatane. Kwa miaka tisa Teodora alijibu, "Sina neno na mtu, Baba," na kwa miaka tisa alisema uongo.

Alikuwa na neno na Petronia, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki alimwachia Petronia chano chake cha mti cha kukandia unga. Teodora akakichukua, akidai kwamba chombo kama kile kinafaa kazi ya Mungu. Petronia akamwambia amemwibia maiti kwa jina la Mungu. Tangu siku ile hawakuamkiana, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na kichochoro tu. Kanisani Petronia akawa anakaa nyuma, karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mezani yeye hakuinuka. Watu wakanong'ona kwamba ana dhambi kubwa anaificha. Teodora aliyasikia maneno hayo, akayaacha yaenee.

Jumamosi moja, ikiwa imebaki wiki moja kufika Pasaka, swali liliulizwa na kujibiwa kama kawaida. Kasisi alipokwisha kuondoka, alikuja Anisia, binti wa Petronia, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Akasema, "Mama mkubwa, mama ni mgonjwa sana. Anakuita."

Moyo wa Teodora ulishtuka. Alitamani kwenda, hilo tusimnyime. Lakini mikono ilikuwa kwenye unga, na aibu ya miaka tisa ni mzigo mzito kuvuka nao kichochoro. Akajibu kwamba amalize kwanza kazi ya Bwana. Akakanda, akangoja unga uumuke, akaoka, akafunika mikate kwa kitambaa safi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alipovuka, alikuta wanawake wamekwisha kumfumba Petronia macho.

Anisia hakumfokea. Alimwambia tu, "Hakula mkate wako kwa sababu alikuwa na neno nawe, na hakutaka kumdanganya Mungu. Alikuwa anangoja mpatane, mle pamoja."

Kesho yake watu waliula mkate ule. Teodora peke yake haukumshuka kooni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mkesha wa Pasaka. Kasisi Merkurio, mzee mwenye mvi, akaja na swali lake. Teodora angeweza kujibu alivyozoea, maana aliyekuwa na neno naye yuko kaburini, na kijiji kizima kilikuwa kimefunga siku arobaini kikiungoja mkate huo wa Pasaka. Lakini alisema, "Ninalo, Baba. Ninalo kwa miaka tisa sasa, na wa kupatana naye nimemzika."

Kasisi akainamisha kichwa. "Nilijua," akasema. "Kila Jumamosi nilijua. Sikutaka ibada ikatike."

Pasaka ile watu waliimba, kisha wakarudi majumbani bila kushiriki, wengine wakilia, wengine wakinung'unika. Teodora akakirudisha chano kwa Anisia, naye akahamia nyuma kanisani, mahali pa mdogo wake.

Kazi ya kuoka akapewa Anisia. Jumamosi ya kwanza alipoulizwa mlangoni pa marehemu mama yake, alimtazama mama yake mkubwa aliyesimama ng'ambo ya kichochoro, akajibu, "Ninalo." Ya pili vilevile. Hakuna aliyemsihi, wala Teodora hakujitetea. Kila Jumamosi alikuja akasimama pale pale, akalisikia jibu, akarudi ndani kwake. Jumapili sita meza ilikaa tupu. Jumamosi ya saba Anisia aliweka mikono yake juu ya chano cha bibi yake.

"Leo sina, Baba," akasema.

Teodora alikaa chini mavumbini akalia, maana alipewa na binti msamaha aliopaswa kumwomba mama.

Ndugu zangu, tuko wengi tunaoikimbilia kazi ya Bwana ili tusivuke kichochoro. Kama yuko anayekungoja ng'ambo, nawa mikono uende leo. Unga utakungoja. Yeye huenda asiweze.