Muuza Mikate wa Pembeni

Ndugu zangu, leo nawapeleka Paris, kule Ufaransa, na msiniulize nauli. Ni enzi za mapinduzi. Kulikuwa na mchoraji mmoja, fundi kweli kweli, aliyechora picha kubwa kama ukuta ule. Katikati akamweka mfalme kwenye kiti chake. Pembeni kabisa akamchora mama muuza mikate wa mtaani kwao, maana ndiye aliyemlisha siku za njaa.

Mfalme akapinduliwa. Mchoraji akapaka rangi juu ya uso ule, akachora kiongozi wa wananchi. Naye akaangushwa, akapakwa, akachorwa mwingine. Mwishowe jenerali mmoja akajifanya kaisari. Mchoraji huyo, mbio na brashi!

"Mwanangu," mama akamuuliza, "mbona mimi hunibadilishi?"

"Wewe mama, nani atakupindua?" Wakacheka wote wawili.

Siku ya maonyesho ikafika. Wakuu wa kaisari wakiipenda picha, atakuwa mchoraji wa ikulu, ndoto yake ya miaka yote. Asubuhi anafunua turubai, lahaula! Rangi juu ya rangi juu ya rangi, imepasuka, imebanduka. Pua ya kaisari iko sakafuni, na penye jicho anachungulia mfalme wa kwanza! Mnaiona hatari hiyo?

Akachukua kisu, akaikata ile pembe yenye mama, akaenda nayo kwenye maonyesho.

"Kaisari yuko wapi?" mkuu akafoka.

"Mheshimiwa, rangi yake haikushika. Hii nilipaka mara moja tu."

Kazi ya ikulu akapewa mwingine. Lakini watu walijazana mbele ya kipande kile: "Jamani, huyu si ndiye mama wa mikate!" Mama mwenyewe akaja na kikapu chake, akajiona, akalia kwa furaha. Jioni mchoraji akala mkate wa moto kwake, moyo umetulia kabisa.

Sasa niwaulize, na msimtazame jirani. Sisi pale katikati tumempaka nani? Juzi mheshimiwa yule, jana huyu, leo bosi mpya, na kila mmoja tunamwimbia kwa sauti ileile! Na yule aliyekukorogea uji ukiwa na homa, umemweka wapi?

Tukitoka hapa, kabla hujala, kamtafute. Bado yupo pale pembeni. Hajabanduka.