Juzuu ya Kompyuta Kongwe

"Aliyemaliza juzuu yake hajamaliza khitma." Mmeisikia leo msikitini, wanangu, mkaniuliza imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Mwaka wa mafuriko, kijiji cha Bokani kilizingirwa na mikono miwili ya mto. Maji yalikuwa yakishuka kutoka milimani, na watu walisimama na watoto mgongoni, wasijue mkono upi ungefurika kwanza. Kuvukia upande usio ndio kulikuwa kuyafuata mauti.

Picha za mvua zilizopigwa kutoka angani zilimfikia Bi Mwanashee, mwalimu wa hesabu hapa mjini, ambaye mamake alikuwa huko Bokani. Zilikuwa nyingi mno. Kompyuta moja ingezipitia hata maji yapite. Basi akaziunganisha kompyuta zote za shule kwa nyaya, akazigawia picha kama tugawavyo juzuu za msahafu: kila msomaji na yake, wote kwa wakati mmoja, hata Kitabu kizima kikahitimiwa katika kikao kimoja, ndiyo khitma. Nilikuwepo. Zilivuma pamoja mfano wa wasomaji walioinamisha vichwa, nami mwili ukanisisimka, nikamsabihi Mola.

Moja baada ya nyingine zikamaliza. Ikabaki moja kongwe, na bila fungu lake jibu halikamiliki. Famau, mwalimu mwenziwe, akainuka kujinyoosha.

"Mzee kasinzia kwenye juzuu yake," akatania. "Zangu zimemaliza, Bi. Tumngoje."

Bi Mwanashee hakucheka. "Chuoni kwenu, msomaji wa Kurani akikwama, mlimngoja?"

"La. Tulimpokea kurasa."

"Basi zako zimemaliza juzuu. Khitma bado."

Famau akaketi tena. Wakalikata fungu la ile kongwe vipande vidogo, wakazigawia zilizokaa bure. Sijamaliza uradi wangu, jibu likatokea: mkono wa magharibi ndio utakaofurika, wavukie mashariki. Bi Mwanashee akapiga simu Bokani.

Kumbe watu walikwisha kupanda mitumbwi kuelekea magharibi. Wakaigeuza. Wa mwisho alipokanyaga nchi kavu ya mashariki, nyuma yao maji yaliimeza minazi ya magharibi hata makuti yasionekane.

Mamake Bi Mwanashee alipoletwa mjini, aliomba aonyeshwe kompyuta iliyowaokoa, aiguse. Bi Mwanashee akazitazama zote, asijue aelekeze kidole wapi.

"Ziguse zote, mama," akasema.

Naye bikizee akapita akizigusa, na ile kongwe akaigusa, huku akimshukuru Mungu. Aliyemaliza juzuu yake, wanangu, hajamaliza khitma.