Gari Lililotengenezwa Mno

Ndugu zangu, leo nimekuja na mfano ambao mimi mwenyewe umenichanganya, kwa hiyo msitegemee nitawamenyea kama karanga. Tutachanganyikiwa pamoja, halafu tuone Bwana atatutolea wapi.

Palikuwa na bwana mmoja aliyerithi gari la baba yake wakati baba bado yu hai. Si gari kama haya yetu ya kubebea mkaa na maharusi. Lilikuwa gari la mbio, la zamani, jekundu, viti viwili tu, na paa lake turubai. Lilikuwa chini kiasi kwamba ukikaa ndani, wewe na lami ni majirani. Usukani mgumu, springi ngumu, na mlio wake ungepita hapa nje hata kwaya ingenyamaza. Mama Nakaniwa anacheka. Cheka tu, mama. Kuingia ungeingia, ila kutoka tungeita vijana wa zamu waje kukuvuta.

Mzee na mwanawe walikuwa na desturi yao tangu mwana akiwa mdogo. Baba anakanyaga klachi, anasema, "Sasa!" Mtoto, aliyekaa kushoto, anavuta gia. Baba anakanyaga tena, "Sasa!" Mtoto anasukuma. Hivyo ndivyo walivyopanda milima yote ya kwao, miguu ya baba, mkono wa mwana, na neno moja katikati. Mtoto alikuwa akishuka pale kifua mbele, anadhani yeye ndiye dereva.

Miaka ikaenda. Mzee akapofuka, mgongo ukapinda, na gari likalala bandani breki zimeganda. Siku moja akamwita mwanawe.

"Mwanangu, nitengenezee gari langu. Nataka kulipanda mara moja tu kabla sijaondoka."

"Nitalitengeneza, baba. Hilo niachie mimi."

Lugha yetu hii, jamani! Tunatengeneza chai, tunatengeneza nywele, tunatengeneza barabara, na mambo yakiharibika tunatengeneza mambo. Mzee alimaanisha tengeneza ipi? Mwana hakuuliza. Nani anauliza maana ya neno analolijua tangu utotoni?

Akalipeleka gereji. Breki zikafunguliwa, gari likatembea. Angeishia hapo, mimi leo nisingekuwa na mahubiri. Lakini mkewe akamwambia, "Baba na mgongo ule, umkalishe juu ya springi zile? Utamvunja kabla hamjatoka getini." Je, mke alikosea? Hakukosea. Anayempenda mkwewe ndiye anayesema hivyo.

Basi springi zikatolewa, zikaja laini. Springi laini zikadai gari liinuliwe, maana matuta yetu mnayajua. Lilipoinuliwa, vile viti vya zamani vikaonekana kama vya kuadhibia watu, vikang'olewa, vikaja vya kunesa. Turubai linapitisha vumbi, likawekwa paa la bati na kiyoyozi. Injini inapiga kelele, mzee ataumwa kichwa, ikashushwa, ikapandishwa nyingine isiyosikika. Na hiyo injini nyingine ilikuja na gia zake za otomatiki, zinazojibadilisha zenyewe.

"Fundi, litawezekana kweli?"

"Hakuna kinachoshindikana, bosi. Mzee atasinzia humo humo."

"Na hivi vya zamani?"

"Vya nini tena? Waache wapite wa vyuma chakavu."

Sasa niambieni, alikosea wapi? Kwenye springi? Mgongo wa mzee ulikuwa unauma kweli. Kwenye viti? Kwenye paa? Nani kati yenu angemkalisha baba yake kwenye vumbi? Nimelizungusha swali hili wiki nzima na sijapata mahali pa kuweka kidole. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilitoka kwenye upendo. Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo.

Siku ikafika. Mzee akavaa koti lake la zamani, akashikwa mkono mpaka mlangoni pa gari. Akainama. Akainama sana, kama alivyozoea, mkono ukipapasa huko chini kutafuta kiti.

"Panda juu, baba."

"Nipande juu?"

Akainuliwa, akakaa, akazama kwenye kiti. 

"Haya, liwashe."

"Limeshawaka, baba."

Mzee akageuza sikio upande huu, akageuza upande ule. "Limewaka?"

Wakaondoka. Matuta wakayapita kama hayapo. Mwana moyo wake umejaa, anamtazama baba yake hakunji uso, haguni, hashiki kiuno. Anasema moyoni, leo nimemlipa baba fadhila. Wakafika chini ya mlima, ule ule wa siku zote. Hapo akaona mkono wa kulia wa mzee umeshuka pembeni ya kiti, kiganja wazi, umekaa hewani.

"Unatafuta nini, baba?"

"Sitafuti kitu. Nasubiri useme."

"Niseme nini?"

"Useme 'sasa'. Si tunapanda mlima?"

Ndugu zangu, miaka yote ile gizani mzee hakuwa akiwaza kiti. Alikuwa akiuwaza mlima ule, kwamba safari hii miguu itakuwa ya mwana na mkono utakuwa wake. Hicho ndicho alichoomba. Na hicho ndicho kilichong'olewa, kwa upendo, ili asipate tabu.

"Baba, siku hizi linabadilisha lenyewe."

"Halinihitaji?"

Mwana akababaika. Aseme ndiyo? Aseme hapana? "Ndiyo, baba. Yaani hapana. Wewe starehe tu."

Mzee akaurudisha mkono wake, akaulaza mapajani. Wakafika juu. Pale juu akasema kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru dereva asiyemjua:

"Ahsante, mwanangu. Teksi hii ni laini kweli, sijaumia popote. Sasa nipeleke kwenye gari langu."

  Yule bwana alimrudisha baba nyumbani, akalikimbiza gari gereji, akamkuta fundi anakunywa chai.

"Fundi, rudisha!"

"Nirudishe nini, bosi?"

"Ugumu!"

"Wote?"

"Sijui! Sijui, fundi. Anza na gia."

Mnataka kujua kama mzee aliwahi kulipanda? Hata mimi nataka kujua. Mara ya mwisho nilipoliona, gari lilikuwa juu ya jeki, fundi amelala chini yake akitukana vyuma, na mzee amekaa barazani na koti lake, anasikiliza barabara.

Sasa sisi. Sisi tulikabidhiwa imani iliyoganda breki, tukaambiwa tuitengeneze. Tazameni tulivyoitengeneza. Kusamehe kunauma mgongo, tukaweka springi: "Nimemsamehe, ila nisimwone." Kufunga kunachosha, siku hizi tunaacha soda tu, tunaita kufunga. Kumtembelea mgonjwa ni mbali na kuna vumbi, tunamtumia kwa simu kijipicha cha mikono miwili inayoomba. Na kila moja lina sababu, na siwezi kusimama hapa niseme sababu ni mbaya. Jua ni kali kweli. Migongo inauma kweli. Ndiyo maana naumiza kichwa.

Halafu tunamwambia Bwana, karibu, panda, tumekuandalia pazuri. Naye anapanda, hana makuu. Anakaa hapo kushoto kwako. Unafika kwenye mlima wako, mkono wake umeshuka pembeni, kiganja wazi, anasubiri neno moja tu. Na wewe unamtazama unashangaa: Bwana, unatafuta nini?

Utamjibu nini akikuuliza kama maisha yako yanamhitaji? Ndiyo? Hapana? Yaani ndiyo?

Ndugu yangu, mlima wako mimi siujui, unaujua wewe. Yuko mtu ambaye humwendei kwa sababu kumwendea ni kugumu mno kwako peke yako. Anzia hapo, hata kama hujui la pili litakuwa lipi. Usimwambie tena Bwana astarehe. Tusimame, kila mtu ayafumbe macho yake kama yule mzee, na tumwambie Bwana lile neno analolingoja.

Sasa.