Zamu ya Mwenye Upanga

Haya akina mama, sogeeni, na karanga tuziache kidogo, leo nimekuja na umbea mtakatifu!

Palikuwa na vijana wana mchezo wao wa mezani. Mmoja anasimulia safari, wenzake kila mtu ana mtu wake wa kubuni humo safarini. Wanasema anafanya nini, wanarusha dadu kuona kama amefaulu. Kijana mmoja, mtu wake mchawi. Msinitolee macho, uchawi wa mdomoni tu, hakuna kuku aliyechinjwa! Na dada mmoja, Tumsifu, mtu wake mpiga upanga.

Basi mlango umefungwa? Mchawi anatamka, mlango wazi. Mto umefurika? Anatamka, wote wanapaa. Jitu linakuja? Moto! Msimulizi anazunguka meza, "Na wewe unafanya nini?" Akifika kwa Tumsifu, jitu limeshakuwa majivu.

"Nafuta upanga," anasema.

"Dada, si ulishaufuta jana?" Wanacheka mpaka machozi.

Sasa, uchawi ule huisha. Mpaka wale watu wa safarini walale, waamke, ndio unarudi. Upanga hauishi! Tumsifu akawa anaingoja saa hiyo, jamani, kama mtu anavyongoja simu ya mwanawe aliye mbali. Lakini uchawi ukiisha tu, wenzake, "Tulale!" Humo safarini ni mchana kweupe, wao wanalala! Wakiamka, mchawi kajaa tena.

Mmelisikia hilo? Walilala ili wasimhitaji.

Siku moja msimulizi akachoka. "Leo hakuna kulala. Kijiji kinaungua, watoto wamo ndani, maadui wako mlangoni."

Mchawi akasema, "Mimi sina kitu tena."

Wote wakageuka. "Tumsifu! Zamu yako!"

Kiti kitupu. Dadu zake ziko palepale alipoziacha. Hakuja. Na juma lililopita hakuja pia, wala hakuna aliyeona.

Na sisi humu kanisani je? Anayeomba mpaka bati linatikisika tunamjua. Anayetabiri tunamjua, tunamkimbilia. Yule mwingine akisimama asaidie, tunasemaje? "Keti tu dada, tumemaliza." Anaketi. Anatabasamu. Anangoja, wapendwa, anainua kichwa kila akisikia jina linatajwa, na si lake.

Sasa hebu niambieni. Kile kiti kitupu pale, karibu na dirisha. Alikuwa anakaa nani?

Mbona mnarudi kwenye karanga?