Ufunguo wa Chumba Namba Nne

"Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Kumtambua Mbunifu Mmoja (1) wa Kinanda Kimoja (1)." Ndivyo ilivyobandikwa mlangoni, kwa mihuri miwili.

Hapo zamani, si zamani sana kwa kuwa kamati zilishakuwepo, baraza la utamaduni la mji mmoja lilitangaza: atakayeunda kinanda kinachotambua mkono mzito na mkono mwepesi atapewa ufunguo wa Chumba Namba Nne, chumba cha karakana. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Kinanda kikaundwa na watu watatu.

Aliyekihitaji chumba kuliko wote ni Mwajabu. Alikuwa akilehemu nyaya barazani kwa shemeji yake, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Mwaka uliotangulia mvua ilimlia kazi ya miezi mitano.

Siku ya kikao Mwenyekiti akaketi mbele ya kinanda. Akabonyeza. Kimya. Akashusha ngumi. Kimya.

"Hiki ni kinanda au ubao wa kukatia vitunguu?"

"Mheshimiwa, hiki ni cha midi," akasema Mwajabu. "Chenyewe hakilii. Kinatoa amri tu, kompyuta ndiyo inayolia."

"Kitu gani hicho, kuamuru tu bila kufanya kazi?"

Watu wakatazama sakafu. Mfano ulikuwa umeketi mbele yao, umevaa tai.

Katibu, Bwana Shekue, akachomeka waya kwenye kompyuta. Mwenyekiti akagusa polepole, sauti ikanong'ona. Akapiga, ikanguruma. Akafurahi kama aliyekiunda yeye.

"Haya, semeni. Nani?"

Mzee Mbelwa, seremala, akasimama. "Vibao sitini na kimoja nimevichonga mara tatu, vishuke sawa, virudi sawa. Bila mimi mngebonyeza hewa."

Mwajabu akasema, "Chini ya kila kibao nimeweka migusano miwili: mmoja unaguswa kwanza, wa pili unafuata. Bila mimi kingejua umebonyeza, kisingejua umebonyezaje."

Kingwande, mwandishi wa programu, akakohoa. "Dada, migusano yako ni shanga za pambo tu. Ni mimi niliyekifundisha kupima muda kati ya mguso na mguso. Muda mfupi, mkono mzito. Muda mrefu, mkono mwepesi. Bila mimi, mzito na mwepesi ni mamoja."

"Na bila mimi ungepima nini, mdogo wangu? Njaa yako?"

"Gombaneni," akasema Mzee Mbelwa, "lakini kazi zenu zimekalia mbao zangu."

Kamati ikajifungia saa tatu, ikanywa chai mara mbili, ikatoka na neno. Imejiridhisha, kwa masikio yake yenyewe, kwamba kabla ya waya kuchomekwa kinanda hakikulia, na baada ya kuchomekwa kililia. Chumba alipewa Katibu. Ameweka humo baiskeli.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, ikaingia barazani kwa shemeji.

Basi nyinyi wasikilizaji, msio na muhuri wala chai: aliyechonga, aliyeunganisha, aliyepima. Je, nani alistahili ufunguo ule?