Kiti cha Mchome

Kiti kitupu hakijitetei. Elifuraha alitupiwa maneno hayo na shangazi yake alipochelewa kwenye mgao wa nyama akakuta supu tu, tena ya baridi. Ndipo yeye na dada yake Nanzia wakaenda uani, babu yao Senkondo alikokuwa akiosha tangawizi na mkewe, Bibi Namkunda, kuuliza methali hiyo ilitoka wapi.

"Mmemfikia mwenyewe," Babu alijikohoza. "Siku ilipozaliwa nilikuwa mahakamani, mstari wa mbele. Ilianza hivi."

Zamani, milima hii ya Upare ilipokuwa bado na baridi ya kweli, paliishi kijana aitwaye Mchome. Alikuwa amemaliza darasa la nane, na enzi zile darasa la nane lilipanda kichwani kuliko pombe. Alitembea na maneno ya mahakama kama wenzake walivyotembea na mbwa. Ukitaka kujua dhamana ni nini, au rufaa, ulimpelekea kibuyu cha pombe ya miwa, ukaondoka unajua. Au unadhani unajua.

Mchome alirithi kwa baba yake shamba la tangawizi. Jirani akadai ni lake, akashtaki. Samansi ikaja: mlalamikiwa asipofika, shauri litasikilizwa upande mmoja.

"Upande mmoja!" Mchome alicheka. "Nani anacheza bao peke yake? Maana yake litangoja."

Wala hakuwa amerukwa na akili. Kwenye baraza la ukoo, kigoda cha asiyekuwepo kililazwa ubavu, na hakuna mzee aliyethubutu kumsema. Walitafuna miwa, wakaulizana habari za mbuzi, mpaka mwenyewe atokee. Ee, watu walikuwa na subira siku zile! Mchome akaona akae nyumbani, tangawizi ikomae, avune, ndipo aende.

Mkewe hakuridhika, akaenda mwenyewe. Jina la Mchome likaitwa, kiti kikabaki kitupu. Hakimu akamgeukia jirani: "Haya, eleza."

Mwanamke akasimama. "Mheshimiwa, mbona mnaanza? Mwenye kiti hajaja. Kwetu tunakilaza, tunangoja."

"Mama, samansi aliipata?"

"Aliipata. Tena akatufafanulia."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. "Upande mmoja maana yake aliyekuja anasikilizwa, na hukumu inatoka bila asiyekuja. Hapa hatulazi viti, mama. Kiti kitupu hakijitetei."

Shamba likaenda. Mchome alipoomba hukumu itenguliwe, aliulizwa kilichomzuia kufika, na "nilidhani najua" haikuwa sababu. Msimu ule jirani alivuna, na harufu ya tangawizi ya baba yake ikampitia Mchome mlangoni.

Babu akalikazia macho karai la tangawizi. "Masikini Mchome. Nilimhurumia sana, nimekaa pale mbele."

Bibi Namkunda akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama mumewe. "Baba Eliudi, mahakamani nilikwenda mimi, peke yangu, na vumbi la njia miguuni. Huyo Mchome simjui. Huko mstari wa mbele nilikiona kiti chako, kitupu."

Wajukuu wakamgeukia Babu. Akaokota tangawizi iliyokwisha oshwa akaanza kuiosha upya.

"Jitetee, Babu!" Nanzia alisema. "Kiti kitupu hakijitetei, lakini leo umekikalia."