Kipepeo na Kamba ya Kuni

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na kijito. Sogeeni motoni, mpisheni na mwenye mtoto.

Hapo kale, katika milima ya Upare, aliishi Nakijwa. Alipokuwa mdogo, mama yake alimpeleka kijitoni wakamtazama kipepeo mkubwa wa manjano akinywa maji. "Siku ukinikumbuka," mama akasema, "njoo umtazame huyu."

Mama akafa. Nakijwa akaolewa, akamzaa Tunu. Akambeba mgongoni, akaenda kumwonyesha kipepeo. Kijito kipo, kipepeo hayupo. Akaokota kuni, akakata kamba ya kijani inayopanda mitini, akafunga mzigo, akarudi.

Akaenda tena. Kijito kipo, kipepeo hayupo. Akakata kamba, akafunga, akarudi.

Akaenda mara ya tatu. Hayupo! Akakata kamba, akafunga mzigo, kisha akaketi juu ya jiwe akalia, hata Tunu akaacha kunyonya akamtazama.

Tawini alikuwepo Kinyonga.

"Mwizi we!" Nakijwa akafoka. "Umemmeza kipepeo wa mama yangu!"

"Nimemeza, na babu yangu alimeza. Mbona hawakuisha?" Kinyonga akajibu, jicho moja kwa mama, jingine kwa mtoto. "Mwizi namjua. Nikikuonyesha, utamzuia asije huku tena?"

"Naapa kwa maziwa anayonyonya huyu!"

"Basi umemshika mkononi."

Nakijwa akatazama. Alikuwa ameshika mundu wake, umelowa utomvu. Akageuza majani ya ile kamba: chini yake mayai madogo, kama punje za ulezi.

"Mtoto wa kipepeo hali jani jingine," Kinyonga akasema. "Ni hilo tu. Na huko chini mlikofyeka mashamba, halioti tena."

Kiapo ni kiapo. Mundu ukabaki nyumbani, Nakijwa akafunga kuni kwa kamba za mgomba.

"Mama Tunu!" wanawake wakamcheka. "Kuni hizo au ndizi za sokoni?"

Mteremkoni kamba ikakatika, kuni zikatawanyika. Wakacheka tena. Aliyecheka kuliko wote, Bibi Namcheja, akavua kanga yake ya begani, akaufunga mzigo, akatembea na baridi mpaka nyumbani. Kesho yake naye akaacha mundu. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja.

Je, kamba ya msituni huota kwa siku moja? Semeni!
Haioti!

Haioti. Tunu akajifunza kutembea. Tunu akang'oka meno. Bibi Namcheja akazikwa bila kuona kitu. Na Nakijwa kila alipopata nafasi alikaa juu ya lile jiwe, akitazama maji.

Asubuhi moja Tunu akamvuta nguo. "Mama, ua linaruka!"

La manjano. Likatua, likanywa.

"Mama," Nakijwa akanong'ona.

"Abee," akaitika Tunu, akidhani ameitwa yeye.

Hadithi yangu imefika kijitoni, imekunywa, imetulia. Atakayepita hapo apite polepole.